Kinachozidi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa stoo ya magunia, mahali ambapo hata asiyejua kusoma hana budi kupita. Mimi ndiye niliyeliona wa kwanza. Kazi yangu ni mlango wa maji, ule unaoingiza bahari kwenye mabwawa ya chumvi, na maji huja kwa saa zao, si kwa saa za ofisi. Lilisema hivi:

WAFANYAKAZI WA UFUNGAJI MNAKUMBUSHWA KUWA MSHAHARA UKIZIDI SHILINGI 270,000 UNAKATWA KODI YA ASILIMIA 8. ANAYEPENDA KUBAKI KWENYE MSHAHARA USIOTOZWA KODI AJAZE FOMU YA OMBI. FOMU ZITAJAZWA ALHAMISI SAA KUMI JIONI MBELE YA MHASIBU.

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Tangazo jipya, mhasibu mpya, wino mpya, na neno lile lile la miaka tisa iliyopita. Ukizidi.

Chumvi yetu iko kati ya Bagamoyo mjini na Mbegani, nyuma ya mikoko. Jina la kampuni silitaji, wenyewe wanajijua. Mwaka huo wa 2023 chama cha wafanyakazi kilikuwa kimesaini nao mkataba kwamba kuanzia Julai wafungaji wa magunia watoke laki mbili na sitini na tano kwa mwezi waende laki mbili na themanini na tano. Nyongeza ya elfu ishirini. Lakini chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, kulikuwa na kifungu: isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ataomba kwa maandishi kubaki alipo. Kifungu hicho sijui kiliingiaje. Najua kiliingiaje, ila sina ushahidi.

Halafu angalieni neno lenyewe: ombi. Watu wanakunyima, na karatasi wanakutengenezea wewe uombe kunyimwa.

Saa nne wakati wa chai wafungaji walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu, wanawake ishirini na wawili, mikono imepasuka kwa chumvi. Scola, mwenye sauti kuliko wote, alikuwa anapiga hesabu kwa simu yake.

"Asilimia nane ya laki mbili na themanini na tano ni elfu ishirini na mbili na mia nane," alisema. "Nyongeza ni elfu ishirini. Yaani wananiongeza ili wanipunguze elfu mbili na mia nane! Wema gani huo? Si bora wanitukane?"

Wakacheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Ndicho kilichoniuma. Wanasema watu wetu hawajui hesabu. Wanajua. Hudanganywa kabla hesabu haijaanza.

"Mimi nasaini," alisema Zuwena, msimamizi wao. Zuwena si mtu wa maneno mengi. Akisema, wenzake hufuata. "Mama yangu alisaini mwaka ule wa laki moja na sabini, na mpaka anastaafu hakukatwa hata shilingi. Tusaini, yaishe." Akanigeukia. "Na mjomba Mwinyijuma ndiye aliyewasomea. Si ndiyo, mjomba?"

Macho ishirini na mawili mara mbili yakanitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi nilisoma."

Kisha nikaondoka, eti naenda kuangalia maji. Maji yalikuwa yametoka mbali, matope matupu hadi kule. Nikasimama kwenye tuta natazama matope.

Sasa niseme nilichosoma mwaka ule.

Mwaka 2014 mstari ulikuwa laki moja na sabini. Sisi huita hivyo, mstari: mshahara ukiwa chini yake hukatwi kodi. Sisi tulikuwa tunapata laki moja na sitini na tano, na walikuwa wameahidi kutupeleka laki moja na themanini na mbili. Mhasibu wa wakati huo akaniita ofisini akanipa kiti. Kiti! Miaka kumi na mmoja nilikuwa naingia ofisi ile kwa kusimama. Akasema, "Mzee Mwinyijuma, wewe ndiye msomaji hapa. Wenzako wanakuamini. Wasomee jedwali la kodi, waamue wenyewe."

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini hakuna karatasi iliyofungiwa maandazi mji huu ambayo sikuinyoosha nikaisoma. Sheria za kazi nimezisoma kwa mshumaa. Nilikuwa najivuna kwa hilo, na mtu anayejivuna ni rahisi kumpa kiti.

Jedwali lilisema kwamba kodi ni asilimia kadhaa ya *kiasi kinachozidi* shilingi 170,000. Nilisimama juu ya tuta mbele ya watu arobaini nikasoma: kiasi *kikizidi* shilingi 170,000.

Rudia mwenyewe usikie. Kikizidi: ukivuka mstari, unakatwa, na kila mtu akaelewa unakatwa mshahara wote. Kinachozidi: kinachokatwa ni kile kilichovuka tu, na kilicho chini ya mstari hakiguswi. Macho yaliona neno moja, mdomo ukatoa lingine. Watu arobaini wakasaini, na bi Fatu, mamake Zuwena, alikuwa wa kwanza, kwa sababu yeye aliniamini kuliko wote. Kampuni ikatupa asante. Kilo mbili mbili za chumvi. Chumvi, sisi!

Nililigundua kosa mwaka 2017, ile karatasi nikiwa nimeihifadhi kwenye kopo la maziwa, nikaisoma upya huku nangoja maji yajae. Nikaifunga tena kwenye kopo. Miaka sita nimeigombeza kampuni kwa mabuti, kwa glavu, kwa likizo, kwa choo cha wanawake, nimeandika barua hadi wakachoka kunijibu, na hilo moja sikulisema. Mwaka 2019 bi Fatu akastaafu, na pensheni yake ikapigwa kwa mshahara ule ule tulioomba kubaki nao.

Jumanne nilijaribu njia ya mkato. Nikamvuta Scola pembeni ya mzani.

"Nadhani," nikamwambia, "kodi wanakata kwenye kile cha juu tu."

"Unadhani?" Akaweka koleo chini. "Mzee, mwaka ule ulisoma, hukudhani. Leo umeanza kudhani?"

"Watu hukosea, Scola."

"Aliyekosea nani?"

Nikakohoa. Nikasema labda walioandika. Scola akaokota koleo lake. "Zuwena anasema ulisoma vizuri sana mwaka ule, ukasimama kama khatibu. Mimi nafuata kile kilichosomwa."

Usingizi wangu siku hizo sitaki kuusimulia. Mchana nilikuwa natembea juu ya matuta, bwawa la kwanza hadi la saba, la saba hadi la kwanza, mpaka wakwanguaji wa chumvi wakaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano nikaenda kwa mhasibu. Anaitwa Medard, kijana wa Morogoro, mstaarabu, husalimia kila mtu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Medard, tangazo lile umeliandika wewe?"

"Nimelichapa. Maneno yametoka Dar."

"Na jedwali la mamlaka ya mapato unalo?"

"Ninalo. Mzee, hakuna anayelazimishwa. Ni ombi."

"Wewe unapata ngapi kwa mwezi?"

Akacheka. "Hiyo ni siri ya mtu."

"Umevuka mstari?"

"Nimevuka."

"Walipokupandisha, uliomba ubaki chini?"

Hakucheka tena. Akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa. "Mzee wangu, mimi nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja," akasema. "Na kesho saa kumi ni bamvua. Wewe utakuwa mlangoni kwako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini saa kumi. Bamvua, maji yale makubwa ya mwezi, hupanda hadi juu kabisa jioni saa hizo. Mlango ukiachwa wazi bila mtu, maji yanavunja matuta na kuyeyusha chumvi ya wiki tatu. Kwa hiyo mtu wa mlango haondoki. Walikuwa wamepanga mkutano kwa kufuata mwezi. Ofisi ambayo haijawahi kujua siku ya mshahara ilijua siku ya bamvua!

Alhamisi nilifungua saa nane na nusu. Maji yakaanza kuingia, meupe, na mapovu na majani ya mikoko. Bwawa la kwanza likawa linapanda taratibu kwenye kijiti changu cha alama. Saa tisa likawa nusu. Saa tisa na nusu likawa nusu na kidogo. Nikakaa, nikasimama. Nikatoa karatasi kwenye kopo, nikairudisha, nikaitoa. Kutoka kule banda la kufungia magunia nilisikia wanawake wanaanza kukusanyika, na kicheko cha Scola juu yao wote.

Saa kumi kasoro dakika kumi nikashusha ubao, nikafunga mlango bahari bado inapanda, nikatembea. Nilitaka kukimbia lakini magoti yana umri wao.

Bandani Medard alikuwa ameweka meza, fomu zimepangwa, na kidau cha wino kwa wanaotia dole gumba. Watatu walikuwa wameshatia. Scola alikuwa wa tatu, bado anajifuta dole kwenye khanga. Zuwena alikuwa ameinama ameshika kalamu.

"Zuwena, ngoja."

Medard akanitazama kama ameona jini. "Mzee! Mlango umemwachia nani?"

"Nimeufunga."

"Maji hayajajaa!"

"Kesho yatajaa. Bamvua si ya siku moja." Nikamgeukia Zuwena. "Mwanangu, mwaka ule nilisoma vibaya."

Nikafungua karatasi ya zamani, nikaweka kidole chini ya neno. "Hapa pameandikwa kinachozidi. Mimi nilisema kikizidi. Mama yako alisaini kwa mdomo wangu."

"Kuna tofauti gani?" akauliza mmoja wa nyuma. "Si ni kuzidi tu?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya siku tatu na yote yakanitoka kichwani. Nikauona mzani.

"Scola," nikasema. "Gunia ni kilo ngapi?"

"Hamsini. Leo ndiyo unajua?"

"Mzani ukisoma hamsini na mbili, unafanya nini?"

"Natoa mbili."

"Humwagi gunia zima?"

"Nina kichaa?"

"Basi kodi ndiyo hivyo. Gunia lako ni laki mbili na sabini, halimwagwi. Kinachochotwa ni kile cha juu. Mshahara wa laki mbili na themanini na tano umezidi kwa elfu kumi na tano. Asilimia nane ya elfu kumi na tano ni shilingi elfu moja na mia mbili. Wanakuongeza elfu ishirini, serikali inachukua elfu moja na mia mbili."

Kelele zikaanza. Mmoja akasema mzee ameanza siasa zake, mwingine akasema mwacheni aseme, wa tatu akauliza kwa nini tumwamini leo kama mwaka ule alikosea. Swali hilo lilikuwa halali kabisa.

"Msiniamini," nikasema. "Muulizeni huyu. Medard, soma jedwali lako. La kwako, si langu."

Medard alikaa. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Watu wote wakamtazama, na nadhani alitamani mwezi ule mzima usingepata bamvua. Akafungua simu yake akasoma polepole, sauti ya chini: "Asilimia nane ya kiasi kinachozidi shilingi mia mbili na sabini elfu."

"Rudia," alisema Scola.

"Kinachozidi."

Scola akanyoosha mkono, akachomoa fomu yake mezani.

"Scola, hiyo ni nyaraka ya kampuni."

"Karatasi ni ya kampuni. Ombi ni langu, na nimeacha kuomba." Akaipasua mara mbili na kuitia ndani ya blauzi. Wale wawili wengine wakachukua zao. Kicheko kikaja, cha hasira, kile kinachoanza tumboni.

Zuwena hakucheka. Alikuwa ametoa slipu yake ya mshahara wa mwezi uliopita na kuinyoosha juu ya meza.

"Ngojeni," alisema. "Hapa pameandikwa mshahara laki mbili na sitini na tano. Chini yake makato ya mfuko wa hifadhi, elfu ishirini na sita na mia tano. Chini yake, kiasi kinachotozwa kodi, laki mbili thelathini na nane na mia tano." Akamtazama Medard. "Kwa nini hesabu ya kodi inaanzia hapa chini, haianzii juu?"

"Mfuko hutolewa kwanza," alisema Medard. "Kodi hupigwa kwenye kinachobaki."

"Kwa hiyo laki mbili themanini na tano, ukitoa asilimia kumi ya mfuko?"

"Laki mbili hamsini na sita na mia tano."

"Mstari ni laki mbili na sabini."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nimezidi nini?"

Medard akaifunga simu. "Hujazidi," akasema. "Kwa mshahara huo hukatwi kodi kabisa."

Nikasikia bahari inagonga ubao wa mlango wangu kule mbali. Elfu moja na mia mbili zangu, nilizozitembeza juu ya matuta siku tatu, nazo zilikuwa uongo. Nilikuwa nimesoma neno moja vizuri nikaacha hesabu ya mfuko iliyo juu yake. Na mwaka ule pia ilikuwa hivyo hivyo. Nikapiga hesabu pale pale kichwani, laki moja themanini na mbili toa asilimia kumi, nikaona iko chini ya laki moja na sabini. Watu arobaini waliomba wabaki chini ya mstari ambao wasingeugusa hata kwa kijiti.

Hakuna aliyesaini. Medard alikusanya fomu tupu akazipanga vizuri kama alivyopanga kalamu, na alipopita karibu yangu akasema kwa chini, "Barua ya onyo ya mlango nitalazimika kuichapa, mzee."

"Ichape. Ila angalia maneno."

Wanawake walinishika mikono, Scola akaniita wakili, mwingine akataka kuniimbia. Zuwena alingoja wapungue. Alikuwa amekunja slipu yake ndogo kabisa.

"Ulijua lini?"

"Mwaka kumi na saba."

"Mama alikuwa bado kazini."

"Alikuwa bado kazini."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo na kupima uzito wake. "Kesho asubuhi uje nyumbani umsomee," alisema. "Umsomee vizuri."

Bi Fatu anakaa Magomeni, ile Magomeni yetu ya Bagamoyo. Nilifika saa mbili asubuhi. Alikuwa barazani anachambua mchele, miwani imefungwa kwa uzi.

"Hujambo, bi Fatu."

"Sijambo, Mwinyijuma. Zuwena kaniambia una kitu cha kunisomea. Kaa."

Sikukaa. Nikasoma nikiwa nimesimama, neno kwa neno, na nilipofika kwenye lile neno nikatua, nikalitamka tena. Nikamweleza la mfuko. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, anatoa mawe anayatupa uani, moja, moja.

"Ilikuwa shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Elfu kumi na saba, kabla ya mfuko."

"Miezi mingapi, mpaka nilipotoka?"

"Sitini."

Vidole vikasimama. Niliona midomo yake inahesabu. Mwaka 2016 aliuza cherehani yake, najua, nilimbebea mimi hadi kwa mnunuzi.

"Nilikuwa nakuamini kuliko redio," alisema.

Akainua uso, akanitazama mpaka nikaangalia miguu yangu, na matope ya jana yalikuwa bado kwenye kucha.

"Wale wengine wa mwaka ule wako wapi?" akauliza.

"Mosi yuko Kerege, ana genge barabarani. Hieronimo alirudi Lugoba. Rehani yuko hapa hapa mjini. Wengine sina hakika."

"Wana habari?"

"Hawana."

Akaweka ungo chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Hiyo karatasi ya zamani unayo?"

"Ninayo."

"Na jedwali la sasa?"

"Ninalo."

"Ofisi ya kazi inafunguliwa saa ngapi?"

"Imeshafunguliwa. Lakini bi Fatu, ni miaka mingi. Watasema muda umepita."

"Watasema. Nataka waniambie mimi, usoni, na Mosi asikie." Alikuwa ameshasimama, mkono ukutani. "Ngoja nivae. Tunaanzia kwa Rehani, halafu Kerege."

Nikamwambia leo bamvua ya pili, natakiwa mlangoni saa nane, na jana tu nimepata onyo.

"Basi tembea haraka," alisema kutoka ndani.